Seva Ipo, Jina Ndilo Limepotea

Seva ya faili ya nyumbani ikisemwa imekufa, mara nyingi iko hai. Taa ya diski inapepesa, feni inazunguka, na ukiandika \\192.168.1.20 kwenye kompyuta ya Windows, folda za picha, hati na filamu zinafunguka kama kawaida. Andika \\NYUMBANI: kompyuta inahangaika kidogo, kisha inakuletea nambari 0x80070035 na maelezo kwamba njia ya mtandao haikupatikana. Jana jina lilikuwa likifanya kazi. Usiku umeme ulikatika, ukarudi, na asubuhi jina halitambuliki. Hapo mwenye seva huanza kuiandama seva: anaondoa programu ya Samba na kuisakinisha upya, anabadili ruhusa za folda, anazima faiawoli, anabadilisha kebo. Hakuna kinachotengemaa, kwa sababu kosa haliko huko.

Kosa la jina si kosa moja. Ndani ya nyumba ya kawaida yenye ruta, kompyuta mbili tatu na simu kadhaa, mna njia nne au tano za kugeuza jina kuwa anwani. Zilibuniwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, kwa mahitaji tofauti, na hakuna inayoshauriana na mwenzake. Jina moja linaweza kupata majibu matatu yanayopingana kwa dakika moja, kutegemea kifaa kipi kimeuliza na kimemuuliza nani. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetaka kulitatua ni hili: nani aliulizwa, na nani alijibu? Mengi ya yale yanayoitwa utatuzi ni kukwepa swali hilo.

Mkanganyiko huu una historia. Katika miaka ya 1970 kompyuta za mtandao wa ARPANET nchini Marekani zilijuana kwa faili moja tu, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kituo cha SRI huko Menlo Park, California, chini ya Elizabeth Feinler. Aliyetaka kompyuta yake ijulikane aliwataarifu, wao wakaandika, wengine wakanakili. Mtandao ulipokua, faili likawalemea. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alichapisha mpango wa DNS, ambao unagawa kazi hiyo kwa seva nyingi zinazopokezana maswali, na ndio unaotumika kwenye intaneti hadi leo. Mwaka huohuo kampuni ya Sytek ilikuwa ikiiundia IBM NetBIOS, kwa ajili ya ofisi ndogo yenye kompyuta chache zisizohitaji seva yoyote ya majina. Nyumba ya leo imerithi vyote viwili, pamoja na lile faili la zamani, ambalo bado limo ndani ya kila kompyuta: /etc/hosts kwenye Linux na Mac, C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwenye Windows.

Tofauti ya NetBIOS na DNS ni ile ya kusimama uchochoroni na kupaza sauti, "Kwa Mama Asha ni wapi?", na ile ya kwenda kwa mjumbe wa mtaa mwenye daftari la wakazi. Anayepaza sauti anapata jibu upesi, bila mjumbe wala daftari, mradi Mama Asha yuko karibu na anasikia. Anayekwenda kwa mjumbe atapata jibu hata kama Mama Asha amelala, ila kama mjumbe hakuandikiwa, atasema kwa uhakika kabisa kwamba mtu huyo haishi hapa.

NetBIOS hupaza sauti kwa UDP, poti 137. Majina yake hayazidi herufi 15, kwa hiyo seva iliyopewa jina refu la mbwembwe hukatwa mkia, na anayeliandika lote haipati. Samba, ambayo Andrew Tridgell alianza kuiandika Australia mwishoni mwa 1991 na ambayo leo imo ndani ya karibu kila kisanduku cha kuhifadhi faili nyumbani, imegawa kazi hizi kwa programu mbili: smbd inatoa mafaili, nmbd inajibu majina. Moja inaweza kufa, nyingine ikaendelea. Ndiyo maana folda hufunguka kwa nambari na kukataa kwa jina, na ndiyo maana kuangalia smbd peke yake, kama wengi wafanyavyo, hakuambii lolote kuhusu jina.

Baadaye wakaja wapaza sauti wengine. Apple ilileta njia yake mwaka 2002 na Mac OS X 10.2, ile ambayo sasa huitwa Bonjour. Kiini chake ni mDNS, iliyopata kanuni rasmi mwaka 2013: hutumia poti 5353, na majina yake huishia na .local. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na Avahi. Microsoft nayo ikaleta LLMNR, poti 5355, iliyochapishwa 2007. Hii ya mwisho haina haja ya kuchukua muda wetu. Microsoft yenyewe imetangaza kwamba inaiacha taratibu pamoja na NetBIOS, na kuegemea mDNS. Sababu mojawapo ni kupunguza milango ya hatari, kwani anayepaza sauti hawezi kujua kama aliyemjibu ndiye mwenyewe au ni tapeli aliyejipenyeza kwenye Wi-Fi.

Sasa turudi mezani. Una kompyuta isiyoiona seva kwa jina. Andika ping nyumbani, kisha nslookup nyumbani, na usome kwa makini anwani zilizorudi. Amri hizi mbili huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo watu hupotea. Ping hufuata mkondo mzima wa mfumo: inatazama faili la hosts, inauliza DNS, inapaza sauti. Nslookup inakwenda moja kwa moja kwa seva ya DNS na kupuuza mengine yote. Ping ikipata na nslookup ikakosa, jina lako linategemea sauti au faili la hosts, na mjumbe hana habari nalo. Nslookup ikipata na ping ikaleta anwani nyingine, mara nyingi kuna mstari wa zamani ndani ya hosts ambao mtu aliuandika akausahau. Zote mbili zikileta anwani ileile sahihi na bado folda haifunguki, acha kulitafuta jina, maana jina ni zima. Kwenye Linux, amri ya getent hosts hutoa jibu lilelile ambalo programu nyingine za kompyuta hiyo zingelipata, na kwa kazi hii inaishinda ping.

Jaribio lifanyike kwenye kompyuta inayolalamika, si kwenye seva. Seva za Debian na jamaa zake huandika jina lao wenyewe ndani ya /etc/hosts kwa anwani ya 127.0.1.1. Ukiliulizia jina hilo ukiwa umekaa kwenye seva, litajibu mara moja, siku zote, hata mtandao mzima ukiwa umezimwa.

Maneno ya kosa nayo yana habari, ingawa wengi huyafunga bila kuyasoma. Linux ina kauli mbili zinazofanana ukizitazama kwa haraka. Moja inasema kutafsiri jina kumeshindikana kwa muda; nyingine inasema jina au huduma haijulikani. Ya kwanza maana yake ni kwamba aliyeulizwa hakujibu: ruta imezima, anwani ya DNS iliyoandikwa si sahihi, au njia ya kumfikia imekatika. Ya pili maana yake ni kwamba alijibu, na jibu ni kuwa hakuna kitu chenye jina hilo. Ya kwanza inakupeleka kwenye kebo na mipangilio ya mtandao, ya pili inakupeleka kwenye daftari. Anayezichanganya atazima na kuwasha ruta mchana kutwa kwa tatizo la mstari mmoja ambao haujaandikwa.

Baada ya umeme kukatika, wa kwanza kushukiwa ni anwani. Ruta hugawa anwani kwa mkopo kupitia DHCP, na ruta nyingi za bei nafuu zikizima husahau nani alikopeshwa nini. Umeme ukirudi, kila kifaa kinaomba upya, na televisheni inaweza kuwahi ile ya 192.168.1.20 kabla seva haijamaliza kuwaka. Kila mahali palipoandikwa anwani ya zamani, iwe ni hosts, njia ya mkato au programu ya kuhifadhi nakala, sasa panaelekeza kwenye televisheni.

Ushauri unaotolewa hapa kila mara ni kuipa seva anwani ya kudumu kwa kuiandika ndani ya seva yenyewe. Ni ushauri nusu, na ile nusu iliyosalia ndiyo inayoleta kesi. Ruta nyingi hulijua jina la kifaa kwa sababu kifaa chenyewe hulitaja kinapoomba anwani. Seva iliyojiandikia anwani haiombi tena. Kwa kuwa haiombi, haijitaji, na ruta inaliondoa jina lake kwenye daftari bila kelele. Mtu ametengeneza anwani, amevunja jina. Tena, kama hakuangalia safu ambayo ruta inagawa, siku moja ruta itaikopesha simu ya mgeni anwani ileile, na hapo seva itakuwa inapatikana na kupotea kwa zamu. Dawa ni kuacha seva iombe kama kawaida, halafu ndani ya ruta kuifungia anwani moja kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao, ile ya MAC. Karibu kila ruta ina ukurasa huo.

Kosa linalokuja na kuondoka lina mshukiwa wake maalumu. Watu huambiwa waweke ruta kuwa DNS ya kwanza na 8.8.8.8 ya Google kuwa ya pili, ili ya kwanza ikilegea ya pili ishike. Kwa tovuti za nje mpango huo hauna neno. Kwa jina la ndani ni mtego. Kompyuta haiendi kwa wa pili baada ya wa kwanza kusema hajui. Inakwenda wa kwanza anapochelewa kujibu, na mifumo mingi ikishamzoea aliyejibu huendelea naye. Google haijui wala haiwezi kujua kwamba nyumbani kwako kuna seva. Itajibu kwamba jina hilo halipo, na jibu hilo ni halali na la mwisho. Hakuna atakayerudi kumuuliza mjumbe wa mtaa wako. Asubuhi jina linafanya kazi, mchana ruta ikielemewa kidogo jina linapotea, jioni linarudi. Nyumba ambayo mambo yake ni hivi, anza kutazama hapo kabla hujagusa kitu kingine. DNS zote ambazo vifaa vinapewa ziwe zinajua majina ya ndani, la sivyo iwe moja tu.

Jamaa wa kosa hili yumo kwenye simu. Android ina mpangilio wa DNS ya faragha, vivinjari navyo vinaweza kutuma maswali ya majina kwa njia ya siri hadi kwa kampuni ya nje, na programu za VPN hubadilisha DNS zinapowashwa. Yote matatu yanaipita ruta bila kubisha hodi. Simu za Android za kabla ya toleo la 12, kwa ujumla, hazikutumia mDNS katika utafutaji wa majina wa mfumo, kwa hiyo jina la .local likifunguka kwenye kompyuta na kukataa kwenye simu ya zamani, hilo ndilo la kutarajia.

Hiyo .local nayo ni chanzo cha fujo. Kwa miaka mingi mafundi waliwekea ofisi na nyumba kikoa cha .local ndani ya DNS ya kawaida, na hata Windows ya biashara ndogo ilikuja ikiwa imependekeza hivyo. Kisha ikatengwa kwa ajili ya mDNS. Kwenye Ubuntu na Debian za mezani, mstari wa hosts katika faili la /etc/nsswitch.conf kwa kawaida unaamuru kwamba jina linaloishia na .local lipazwe sauti, na lisipojibiwa utafutaji uishie hapo. DNS haitaulizwa kabisa. Ruta inaweza kuwa na nyumbani.local kwenye daftari lake, kwa anwani sahihi, nslookup ikaithibitisha, na bado kompyuta ikasema haijui. Aliyesoma kipande cha juu kuhusu ping na nslookup atalitambua kosa hili kwa kulitazama tu. Asiyesoma atamaliza wikendi.

Kwa kikoa cha ndani tumia home.arpa, iliyotengwa kwa ajili ya nyumba tangu 2018. ICANN, msimamizi wa majina ya intaneti, nayo mwaka 2024 ilitenga .internal kwa mitandao ya ndani. Ruta za OpenWrt hutumia .lan bila idhini rasmi ya mtu yeyote, na sioni sababu ya kuwasumbua walioizoea.

Kupaza sauti kuna kuta zake. Nyumba yenye kisanduku cha fiba kutoka kwa kampuni ya intaneti, kisha ruta ya pili aliyoinunua mwenye nyumba ili Wi-Fi ifike vyumba vya nyuma, mara nyingi ina mitandao miwili bila yeye kujua: mmoja 192.168.100, mwingine 192.168.1. NetBIOS na mDNS haziruki ukuta huo. Wi-Fi ya wageni nayo imetengenezwa makusudi ili wageni wasivione vifaa vya nyumba, na anayejiunga nayo kwa sababu nenosiri lake ni rahisi atalalamika kwamba seva haipo. Ruta ya pili iwekwe iwe kituo cha Wi-Fi tu, isigawe anwani. Na kwenye Windows, hakikisha mtandao wa nyumbani umesajiliwa kama wa binafsi; ukisajiliwa kama wa umma, kompyuta inajifungia ndani na kutojibu.

Yapo malalamiko mawili yanayovaa sura ya jina lakini si ya jina. La kwanza ni seva kutoonekana kwenye orodha ya mtandao ya Windows. Orodha ile zamani ilitegemea toleo la 1 la SMB, itifaki ya kugawana mafaili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kwenye tundu la toleo hilo na kuzifunga kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya zikaanza kuja bila toleo hilo. Orodha ikakauka. Windows ya sasa hutafuta kwa itifaki nyingine, WS-Discovery, ambayo Samba yenyewe haiizungumzi. Programu ndogo iitwayo wsdd huizungumza kwa niaba yake. Jina linaweza kuwa zima kabisa huku orodha ikiwa tupu. Andika jina kwa mkono kabla ya kulihukumu. Wanaoshauri kurudisha SMB toleo la 1 ili orodha ijae wanakushauri ufungue tundu lilelile, na hilo halina mjadala.

La pili ni nenosiri. Windows huhifadhi manenosiri kwa kila jina peke yake, kwa hiyo kwake 192.168.1.20 na NYUMBANI ni seva mbili tofauti. Nenosiri bovu likiwa limehifadhiwa chini ya jina, utaingia kwa nambari na kukataliwa kwa jina, na utaapa kwamba jina ndilo bovu. Futa kilichohifadhiwa kwenye kidhibiti cha vitambulisho cha Windows, kisha ujaribu tena. Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 nayo inakataa kuingia kwenye seva kama mgeni asiye na nenosiri, na watu wengi waliosasisha mwaka 2024 waliishia kutafuta kosa la DNS ambalo halikuwapo.

Jambo dogo lenye usumbufu mkubwa ni kwamba jibu la "hakuna" nalo huhifadhiwa. Unaweza kurekebisha kila kitu, ukajaribu, ukashindwa, ukarudisha makosa yako ya zamani, kumbe kompyuta ilikuwa inasoma jibu la dakika tano zilizopita. Kwenye Windows andika ipconfig /flushdns, na nbtstat -R kwa NetBIOS. Kwenye Ubuntu ni resolvectl flush-caches. Fanya hivyo baada ya kila badiliko, kabla ya kila jaribio.

Kuhusu njia ya kudumu, msimamo wangu ni huu: nyumba iwe na daftari moja, liwe ndani ya ruta, na kupaza sauti kubaki akiba. Seva ifungiwe anwani na ruta. Jina lake liwe fupi, lisizidi herufi 15, lisiwe na nafasi wala alama ya mstari wa chini, na lisifanane na la kifaa kingine, kwani mDNS ikikuta majina mawili sawa hulibadilisha moja kimyakimya kuwa nyumbani-2 na kukuacha ukilitafuta lile la kwanza. Avahi na wsdd ziwashwe kwa faida ya Mac na ya orodha ya Windows. Faili la hosts linatosha kwa nyumba yenye kompyuta mbili, mradi anwani imefungwa. Kompyuta zikifika tano, utakuwa umerudi Menlo Park ya miaka ya 1970, ukizunguka na faili la kunakili.

Ugumu unabaki kwenye visanduku vya kampuni za intaneti ambavyo havikuruhusu kuongeza jina hata moja. Unaweza kuweka programu ya DNS kama dnsmasq au Pi-hole kwenye seva yenyewe na kuelekeza vifaa vyote huko, na inafanya kazi vizuri. Lakini tangu siku hiyo, seva ikizimwa kwa matengenezo, nyumba nzima inakosa intaneti, na watoto walio katikati ya filamu hawatataka kusikia habari za DNS. Kwa familia nyingi, ruta nzuri ya kununua, yenye ukurasa wa majina ya ndani, ina nafuu kuliko lawama hizo.

Ukimaliza kupanga, usingoje mgao wa umeme ukupe mtihani. Zima ruta na seva kwa pamoja, ziwashe kwa pamoja, kisha fungua folda kwa jina kutoka kila kifaa cha nyumbani, simu zikiwemo. Vyote vikishindwa, rudi kwenye ruta. Kikishindwa kimoja, shughulika na kifaa hicho, na seva uiache ilivyo.